MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Tuwaongoze wageni kuvua kambale bila kuhatarisha maisha wala kumaliza samaki

Huenda kijiji chako kiko kandokando ya Ziwa Victoria. Huenda umekula kambale tangu utoto wako. Unajua anapojificha. Unajua anapenda chambo gani. Je, umewahi kufikiri kwamba ujuzi huo nao ni mali?

Wako watu wanaopenda kuvua kwa kujiburudisha. Wengine hutoka mijini, wengine hutoka nchi za mbali. Hawavui kwa ajili ya kuuza. Wanataka kukaa ziwani, kutupa ndoano, na kuona samaki mkubwa akivuta mshipi. Lakini hawajui ziwa letu. Wanahitaji mwenyeji wa kuwapeleka, kuwaonyesha na kuwarudisha salama. Wako tayari kumlipa.

Kazi hii inaweza kuwapa vijana wa kijiji fedha. Lakini ina mambo mawili mazito. La kwanza ni maisha ya watu. Ziwa likichafuka, mgeni na mwenyeji huzama pamoja. La pili ni uzazi wa kambale. Tukimvua ovyo wakati wa kuzaa, tutakosa samaki wa mgeni na samaki wa kitoweo. Kwa hiyo soma makala hii polepole. Kisha ijadili na wenzako mwaloni.

ZIWA LETU

Ziwa Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 68,800. Nchi tatu zinalimiliki: Tanzania, Uganda na Kenya. Sehemu ya Tanzania ni karibu nusu ya ziwa lote.

Ingawa ni kubwa, ziwa hili si refu sana kwenda chini. Penye kina kirefu kabisa ni kama meta 80. Kwa sababu hiyo upepo ukivuma, mawimbi huinuka upesi. Mvuvi mzoefu anajua: ziwa linaweza kuwa shwari kama maji ya beseni, na kabla hujamaliza kuvuta mshipi likawa limechafuka.

MJUE KAMBALE

Kambale, ambaye sehemu nyingi za ziwa huitwa mumi, hana magamba. Ngozi yake ni laini na inateleza. Kichwa chake ni kipana na kigumu. Mdomoni ana sharubu nane. Sharubu hizo ndizo mikono yake. Kwa sharubu hupapasa tope, hunusa na kuonja. Ndiyo maana anaweza kutafuta chakula gizani na katika maji machafu.

Kambale hula karibu kila kitu: samaki wadogo, wadudu, minyoo, konokono, hata mabaki ya chakula. Hutembea zaidi usiku. Hupenda maji yasiyo na kina kirefu, penye tope, matete na mafunjo. Midomo ya mito ni makao yake mazuri.

Kuna jambo lingine la ajabu. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ana kiungo maalumu kichwani, juu ya mashavu yake, kinachofanya kazi hiyo. Ndiyo sababu hafi upesi akitolewa majini. Usiku wa mvua anaweza hata kujivuta juu ya majani yenye unyevu, akihama kutoka dimbwi moja kwenda jingine.

Uwe mwangalifu na miiba yake. Anayo miwili, mmoja kila upande, nyuma ya kichwa, kwenye mapezi ya ubavuni. Miiba hiyo ni migumu na ina meno kama msumeno. Ikikuchoma, jeraha huuma na linaweza kuoza. Lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati.

WAKATI WA KUZAA

Mvua kubwa zikinyesha, mito hufurika. Maji hupanda juu ya majani ya kandokando. Hapo ndipo kambale wakubwa hutoka ziwani usiku. Huingia mitoni na kwenye maji mapya ya mafuriko. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai makumi ya maelfu. Mayai hunata kwenye majani. Baada ya siku moja au siku moja na nusu huanguliwa.

Baba na mama hawalindi mayai wala vifaranga. Wakishazaa, wanarudi zao. Vifaranga hubaki katika maji hayo madogo mpaka wapate nguvu.

Sasa fikiri. Mtu akisimama na nyavu mlangoni pa mto wakati huo, atapata samaki wengi kwa usiku mmoja. Atafurahi. Lakini amevua jike kabla hajazaa. Amevua samaki wa leo na samaki wa miaka ijayo kwa pamoja.

FUNZO LA NINGU

Jambo hili limekwisha tokea kwa samaki mwingine. Zamani ningu walikuwa wengi sana katika Ziwa Victoria. Wakati wa mvua walipanda mitoni makundi kwa makundi kwenda kuzaa. Nyavu za kisasa za kutega zililetwa ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Watu wakazitega kwenye midomo ya mito, wakawakamata ningu wakienda kuzaa. Kuanzia miaka ya 1930 ningu walipungua sana. Mpaka leo hawajarudi kuwa wengi kama zamani.

Kambale ni mgumu kuliko ningu. Lakini ugumu una mwisho wake. Mali bila daftari huisha bila habari, na samaki bila uzazi huisha vivyo hivyo.

KWINGINE WANAFANYAJE?

Huko Uhispania kuna mto unaoitwa Ebro. Katika mto huo kuna bwawa kubwa la Mequinenza. Mwaka 1974 kambale wa Ulaya walitiwa katika maji hayo. Kambale hao wakikua huweza kupita urefu wa meta 2. Siku hizi watu wa nchi nyingi huenda huko kuwavua kwa ndoano. Wenyeji wenye boti huwaongoza. Mgeni akishampata samaki hupiga naye picha, kisha wengi humrudisha majini.

Lakini tuone na upande wa pili. Kambale hao walikuwa wageni katika mto ule. Walikula samaki wa asili wa pale. Sisi nasi tunalijua jambo hilo. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Ametupa fedha nyingi, lakini amemaliza aina nyingi za furu. Kambale wetu ni mwenyeji wa ziwa hili. Hatuna haja ya kuleta samaki mwingine ili tupate wageni.

Hapa kwetu iko Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ambayo ilitangazwa mwaka 1977. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi humo. Samaki hupata mahali pa kuzaa bila kusumbuliwa. Wageni wenye kibali huvua sangara kwa ndoano. Hivyo samaki wanalindwa na fedha inapatikana. Vijiji navyo vinaweza kujifunza hapo.

KABLA YA KUANZA

Usianze kazi hii peke yako kwa siri. Fuata hatua hizi:

1. Undeni kikundi. Watu watano mpaka kumi wanatosha kuanza. Wawemo wavuvi wazoefu, wanaojua kuogelea, na angalau mmoja anayeandika vizuri. Wanawake nao wawemo. Mgeni atahitaji chakula, chai na mahali pa kupumzika.

2. Nendeni kwa halmashauri ya kijiji na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu, yaani BMU. Wao wanajua maeneo ya mazalia ambayo hayaruhusiwi kuvuliwa.

3. Mwoneni bwana samaki au bibi samaki wa wilaya. Uvuvi nchini Tanzania unafuata Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Chombo lazima kiandikishwe, na anayevua lazima awe na leseni. Mgeni anayevua kwa kujiburudisha naye anahitaji kibali chake. Mwulizeni pia ndoano za ukubwa gani zinaruhusiwa katika eneo lenu.

4. Ulizeni wilayani habari za leseni ya kuongoza watalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inaihusu kazi hiyo.

Mambo haya yanachukua siku kadhaa. Usikate tamaa. Mwenye leseni hulala usingizi.

VIFAA NA CHAMBO

Kwa safari ya wageni usitumie nyavu wala migonzo yenye ndoano mamia. Mgeni anataka mshipi mmoja na ndoano moja. Anaweza kuja na ufito wake wa kisasa. Kama hana, mshipi wa mkono unatosha.

Funga chubwi ili chambo kikae chini, karibu na tope. Hapo ndipo kambale anapotafuta chakula. Chambo kizuri ni nyungunyungu wanene, kipande cha samaki, au matumbo ya samaki. Kitu chenye harufu kali ndicho bora. Wavuvi wengine hutumia hata kipande cha sabuni ya mche.

Usitumie vifaranga vya kambale waliochotwa kwenye mabwawa ya mafuriko. Wavuvi wengi wa sangara hutumia vifaranga hivyo. Ni sawa na kula mbegu kabla ya kupanda. Anayehitaji vifaranga anunue kwa watu wanaowafuga katika mabwawa.

Chukua koleo. Kwa koleo hilo bana kile kijino kilicho karibu na ncha ya ndoano mpaka kilale. Ndoano ya namna hiyo hutoka kirahisi mdomoni mwa samaki. Hutoka kirahisi pia kidoleni mwa mgeni.

MAISHA KWANZA

Sehemu hii isome mara mbili.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Mamia ya watu walikufa katika ajali hizo mbili. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Ikiwa meli huzama kwa kujaza, mtumbwi je?

Wahenga wanasema ajali haina kinga. Lakini ajali nyingi za ziwani kinga zake zinajulikana. Hizi hapa:

• Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, ambalo wengi huliita boya. Alivae na kulifunga kabla ya kupanda. Lisiwekwe chini ya kiti. Mwongozaji naye avae, hata kama anaogelea kama kambale.

• Usijaze watu. Hesabu mwenyewe na wenzako. Mgeni akiongeza rafiki dakika ya mwisho, mwambie asubiri safari ya pili.

• Sikiliza taarifa ya hali ya hewa ya redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa pia habari za upepo na mawimbi ya ziwani. Wakisema kuna upepo mkali, safari ivunjwe. Mrudishie mgeni fedha yake au mpange siku nyingine.

• Ukiona wingu jeusi linapanda, upepo wa baridi unaanza ghafla, au mawimbi yanageuka meupe kwa mbali, rudi pwani mara moja. Usingoje samaki wa mwisho. Radi ikipiga, aliye katikati ya maji hana mahali pa kujificha.

• Usiende usiku. Ni kweli kambale hula zaidi usiku. Lakini dhoruba nyingi za ziwani huja usiku na alfajiri. Vueni asubuhi kukiwa kumepambazuka, au jioni kabla ya saa 12. Maji yakiwa machafu baada ya mvua, kambale hula hata mchana.

• Msiende mbali. Kambale anapatikana karibu na matete. Pwani ionekane wakati wote.

• Chukua makasia hata kama una mashine. Chukua kamba ndefu, chombo cha kukumbia maji, filimbi na simu iliyofungwa katika mfuko usioingiza maji.

• Mtumbwi ukipinduka, msiuache. Ushikeni. Mtu akianguka majini, mtupie kamba au kasia. Usimrukie, maana anayezama humshika mwokoaji na kumzamisha.

Kuna hatari nyingine. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na alfajiri hurudi. Usisimame kati yake na maji. Palipo na mamba usimruhusu mgeni kuning'iniza miguu au kunawa mikono pembeni mwa mtumbwi. Tena kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia karibu na pwani, navyo hupenya ngozi. Mgeni avae buti akipita kwenye maji. Nasi tusijisaidie ziwani wala kando yake. Kila mwalo uwe na choo.

SIKU YA SAFARI

Mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi. Mwambie mgeni muda wa safari na mnakokwenda. Mwambie pia kwamba samaki hawana ahadi. Kuna siku ya kupata na siku ya kukosa. Ukimwahidi kambale kumi akapata mmoja, atasema umemdanganya. Ukimweleza ukweli, huyo mmoja atakuwa furaha kwake.

Mkifika, zima mashine. Sogea kwa makasia. Kelele na kugonga mtumbwi huwafukuza samaki. Tia nanga. Tupa chambo karibu na ukingo wa matete. Mfundishe mgeni kushika mshipi kwa kidole, apate kuhisi. Kambale kwanza hugusa na kuonja. Asivute upesi. Akishika na kuondoka nacho, hapo avute.

Samaki akifika karibu, mwongozaji ndiye ampakie kwa wavu wa mkono. Mgeni asimshike kwanza. Lowesha kitambaa. Mshike samaki nyuma ya ile miiba miwili. Mkono wa pili uwe chini ya tumbo. Usimwangushe mtumbwini.

YUPI ALIWE, YUPI ARUDISHWE?

Hapa kila kikundi kiweke sheria yake na kuiandika. Shauri langu ni hili. Samaki mdogo arudishwe. Jike mwenye tumbo lililojaa mayai arudishwe. Kambale wa ukubwa wa kati aweza kuliwa. Wakati wa mafuriko, kwenye midomo ya mito, msivue kabisa.

Kambale ana bahati. Kwa kuwa anavuta hewa ya juu, akirudishwa kwa uangalifu huishi. Mtu mwingine atamvua tena. Samaki aliyeuzwa sokoni hulipa mara moja. Samaki aliyerudishwa anaweza kuzaa, na anaweza kumleta mgeni mwingine.

Mgeni akitaka kula, mpikieni. Lakini mwulize kwanza. Wako watu, kama ndugu zetu Wasabato, ambao hawali samaki asiye na magamba. Kila mtu na imani yake. Muwe na sato pia.

DAFTARI NI CHOMBO CHA KAZI

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Hapa ndipo faida yake inapoonekana. Kila safari iandikwe katika daftari: tarehe, majina ya wote waliopanda, saa ya kuondoka, mnakokwenda, na saa ya kurudi. Daftari hilo libaki mwaloni kwa mtu aliye nchi kavu. Saa ya kurudi ikipita, atajua watu wangapi wa kutafutwa na wapi. Msiende nalo ziwani.

Andikeni pia samaki waliopatikana, uzito wao na waliorudishwa. Baada ya mwaka mmoja mtaona wenyewe kama kambale wanaongezeka au wanapungua.

Hesabu za fedha nazo ziandikwe. Tuchukue mfano. Tuseme mgeni amelipa Sh. 60,000 kwa asubuhi moja. Hizi ni hesabu za kujifunzia tu. Bei mtapanga wenyewe.

Mafuta ya mashine: Sh. 15,000
Chambo: Sh. 3,000
Akiba ya kutengeneza chombo: Sh. 6,000
Mfuko wa kijiji: Sh. 6,000
Waongozaji wawili, kila mmoja Sh. 15,000: Sh. 30,000
Jumla: Sh. 60,000

Angalia ile akiba ya chombo. Vikundi vingi hufa kwa sababu hugawana fedha yote. Siku mashine inapoharibika au majaketi yanapochanika, hakuna kitu mfukoni. Mfuko wa kijiji nao una kazi. Wenzako wakiona choo cha mwalo kimejengwa kwa fedha ya wageni, watakuwa walinzi wa mazalia bila kuajiriwa.

TUSISAHAU

Ndugu msomaji, kambale hakututoza chochote kwa kukaa katika ziwa letu. Anadai mambo mawili tu: apewe nafasi ya kuzaa, na maji yake yasichafuliwe. Mgeni naye anadai mawili: asidanganywe, na arudi kwao mzima. Kikundi kikiweza hayo manne, fedha itakuja. Kisipoweza, ni afadhali kibaki na jembe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kambale hupanda mitoni wakati gani, na kwa nini?
2. Ningu walipunguaje katika Ziwa Victoria?
3. Katika mwalo wenu kuna majaketi mangapi ya kuokolea maisha? Watu wanaokwenda ziwani ni wangapi?
4. Kwa nini daftari la safari libaki nchi kavu?
5. Taja sehemu za kijiji chenu ambazo kambale huzaa. Mtazilindaje mvua zijazo?